Mzee aliniambia nitoe ukungu

Neno lenyewe ndilo lililoniponza. Kwa Kiswahili chetu ukungu ni ule unaotanda ziwani alfajiri hadi huoni mtumbwi ulio hatua ishirini mbele yako. Na ukungu ni ule unaoota kwenye mkate wa juzi, kwenye viatu vya ngozi vilivyosahaulika uvunguni, na kwenye picha zilizotundikwa katika nyumba zinazopakana na maji. Wapo wanaosema kuvu, na huku Mkuyuni, Mwanza, ukisema kuvu utaeleweka, lakini mteja akiingia kwangu na picha iliyochafuka atasema, "Mama Fremu, imeshika ukungu." Nami nitamwambia, "Acha hapo baba, njoo Jumamosi."

Hilo la Mama Fremu limefunika jina langu la kuzaliwa kiasi kwamba hata watoto wa shule wanaopita njiani wananiita hivyo. Kibanda changu kiko nyuma kidogo ya barabara ya Kenyatta, katikati ya fundi wa mageti na mama anayekaanga sato. Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Alipofariki mwaka 2011 aliniachia msumeno wa kukatia pembe, tepu ya kupimia na deni la vioo. Deni nililimaliza, msumeno bado ninao.

Kazi zangu ni zile zile mnazozijua. Wanafunzi wa SAUT na majoho yao ya mahafali, maharusi, Moyo Mtakatifu wa Yesu, Ayatul Kursiy kwa maandishi ya dhahabu, Mwalimu Nyerere na kifimbo chake, vyeti vya kila namna. Na picha ya Rais. Awamu ikibadilika, mafundi fremu wa nchi nzima tunakula kuku. Picha hizo zote zina tabia moja: zimechapwa kwa mashine, na nyingi zimepigwa lamineshoni juu. Ukizipitishia pamba yenye maji na tone la sabuni zinang'aa kama zimetoka studio leo. Miaka kumi na zaidi pamba hiyo ilikuwa haijawahi kunisaliti.

Mzee alikuja Alhamisi moja ya mwezi wa nne, masika imeshachanganya. Alikuwa amebeba kitu bapa kilichofungwa kwa kanga, halafu kikatiwa kwenye mfuko wa salfeti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Una nafasi? Nina mgonjwa hapa."

Akamfungua mgonjwa mezani. Nitasema ukweli, nilipoiona mara ya kwanza nilidhani imeshakufa. Niliona kijivu tu. Kijivu chenye bluu ndani yake, na mahali pengine chenye uwekundu wa udongo, kimetanda kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ilibidi nisogee nyuma hadi mlangoni. Hapo ndipo kanisa lilipoanza kutoka, kama mtu anavyotoka kwenye moshi wa jiko la kuni: kwanza unaona kivuli, kisha bega, ndipo unajua ni nani. Minara miwili mirefu kupita kiasi, imechongoka kama miiba ya mgunga, na vilele vyake vimeyeyukia angani usijue mnara umeishia wapi na wingu limeanzia wapi. Mbele ya minara kulikuwa na mwili wa kanisa wenye mbavu nje, mbavu kabisa, kama za mtumbwi unaojengwa pale mwaloni kabla haujapigwa mbao. Chini yake daraja la chuma lenye matao, na chini ya daraja mto mpana uliopakwa kwa mikupuo isiyozidi mitano. Madirisha mawili matatu yalikuwa na umanjano hafifu. Na ubavuni mwa mnara mmoja palikuwa na mpasuko mweupe, mwembamba kama uzi, na kwa weupe huo ulijua kwamba mvua imetoka kukatika dakika hiyo hiyo na jua linajaribu.

Juu ya hayo kulikuwa na uchafu halisi. Ndani ya kioo vimekwama vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi na kuingia hadi kwenye chai. Vilikuwa vimekauka pembeni kama pilipili manga iliyosagwa. Mbao za fremu zimeliwa. Na kwenye kioo, upande wa ndani, vimeota vipele vyeupe vya manyoya.

"Mbao mpya, kioo kipya," mzee akasema. Akagusa kioo kwa kidole. "Na uutoe huu ukungu."

Nikaandika kwenye daftari: *mbao, kioo, ukungu*. Tukakubaliana shilingi 35,000.

Mvua ikamwagika, akabaki. Nikampa kigoda, akaanza kusimulia, na ninashukuru mvua ile kwa sababu bila hiyo nisingejua nilikuwa nimeshika nini.

Alikuwa fundi injini wa meli, maisha yake yote huko chini kwenye joto na kelele. Aliacha kazi hiyo mwaka 1996, mwaka MV Bukoba ilipozama, na mtu wa Mwanza haulizi kwa nini mtu wa meli aliacha kazi mwaka huo. Lakini mwaka 1974, akiwa kijana, alipelekwa Köln, Ujerumani, kujifunza injini za dizeli. Alikaa Deutz, upande wa mashariki wa mto Rhine, penye kiwanda cha injini zenye jina hilo hilo. Kiwanda hicho asili yake ni karakana iliyoanzishwa mjini humo na Nicolaus Otto na mwenzake mwaka 1864, na kwa fundi injini, mzee alisema, kwenda pale ni kama kuhiji.

"Nilifika usiku, mwezi wa kumi na moja. Asubuhi nikafungua pazia. Ng'ambo ya mto nikaona kanisa jeusi tii. Nikasema, maskini, limeungua."

Halikuwa limeungua. Mawe yake yameshika weusi kwa miaka mingi ya moshi wa makaa, na stesheni kuu ya treni iko ubavuni mwake, kwa hiyo kila gari moshi la zamani lilipumulia ukutani. Minara ina mita 157. Namba kama hiyo haikai kichwani kwangu, nikamwambia, basi akatafuta ya kwetu: chukua uwanja wa CCM Kirumba, usimamishe wima kwa goli, halafu juu yake weka nusu ya uwanja mwingine. Alipanda ngazi zake 533 kwa miguu, Jumapili mbili tofauti. Mara ya kwanza aliogopa akageuza njiani, mara ya pili akafika.

Kilichomkamata zaidi hakikuwa minara, bali winchi. Ujenzi ulianza mwaka 1248, ukaenda hadi miaka ya 1500, fedha na ari vikaisha, mafundi wakaondoka. Mnara wa kusini ukabaki kisiki, na juu ya kisiki hicho ikaachwa winchi ya mbao waliyokuwa wakivutia mawe. Winchi hiyo ilikaa pale juu kwa zaidi ya miaka 300. Watu walizaliwa, wakaoa, wakazikwa, winchi iko pale pale kama kuku amelala kwenye paa. Kazi ikaanza tena karne ya 19, na kanisa likakamilika mwaka 1880, miaka 632 baada ya jiwe la kwanza. Miaka mitatu tu baadaye, 1883, wamisionari wa White Fathers walifungua misheni yao Bukumbi, hapo kusini mwetu. Mzee alipenda sana hesabu hiyo. Aliirudia mara mbili, akipiga meza kwa kifundo cha kidole.

"Na vita ya pili?" nikauliza, maana niliona amenyamaza.

"Mji ulilala chini. Lenyewe likapigwa mabomu, zaidi ya moja, zaidi ya matano. Likabaki limesimama. Daraja lilivunjwa na Wajerumani wenyewe wakikimbia. Hili unaloliona kwenye picha lilijengwa upya."

Mimi ni mtu wa AIC, makanisa niliyoyazoea yana paa la bati na mabenchi ya mninga, kwa hiyo nikamuuliza kwa nini watu wapandishe mawe miaka mia sita. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini meli ina usukani. Kwa sababu ya Mamajusi, akasema. Mwaka 1164 askofu mkuu wa Köln alileta kutoka Milano mifupa inayoheshimiwa kuwa ya wale Mamajusi watatu walioifuata nyota. Ikatengenezewa sanduku la dhahabu lenye umbo la kanisa, mahujaji wakaja kwa maelfu, kanisa la zamani likawa dogo. "Na kanisa letu kuu hapa Bugando linaitwaje?" Nikasema sijui, la Bugando. "La Epifania," akasema. "Sikukuu ya Mamajusi hao hao. Mimi nilibatizwa nikatoka nyumbani kwao, nikaenda nikawakuta wenyewe wamelala kwenye dhahabu." Sisi majirani wa Geita dhahabu hatushangai sana, lakini nilishangaa.

Picha ilichorwa na mama mwenye nyumba wake, mjane aliyekuwa akichora dirishani kila mvua inapokatika. Alimpa siku ya kuondoka. Mvua yetu nayo ikakatika, mzee akaondoka, na hakunieleza kitu kimoja ambacho kilikuwa muhimu kuliko winchi na Mamajusi wote. Simlaumu. Nani anadhani atahitaji kumweleza fundi?

Ijumaa nikaanza. Kwanza nikaipiga picha kwa simu, mbele na nyuma. Ni desturi yangu tangu mteja mmoja alipodai nimembadilishia bibi harusi. Nikang'oa misumari, nikatoa hadibodi. Nyuma kulikuwa na gazeti la Kijerumani lililogeuka rangi ya chai, na kwenye karatasi yenyewe maandishi ya penseli: *Köln, Nov. 1974*. Kioo kikatoka na manyoya yake yote. Ukungu ule ambao mzee aliugusa kwa kidole ulikuwa kwenye kioo, na kioo nilikuwa nakitupa. Yaani kazi ya ukungu ilikuwa imekwisha pale pale.

Lakini mimi nilikuwa nimeandika kwenye daftari.

Nikaitazama picha bila kioo, imejaa kijivu, nikasema moyoni: bado. Nikachovya pamba, nikaikamua vizuri (nisije nikaonekana mzembe), nikaanzia mahali palipoonekana pachafu kuliko pote. Chini kushoto, juu ya mto, kulikuwa na doa jeusi refu kama punje tatu za mchele zilizopangwa mstari, na juu yake doa dogo jingine. Nilijua ni uchafu wa wale vijidudu. Nikapitisha pamba mara moja. Doa likatoka lote. Nikafurahi, jamani. Nikamwita kijana wangu wa kazi aje aone jinsi linavyotoka.

Yeye ndiye aliyetazama pamba. "Mama, mbona uchafu wenyewe ni wa bluu?"

Nikageuza pamba. Ilikuwa ya bluu, na kahawia pembeni, bluu nzuri kabisa. Na kwenye karatasi maji yakaanza kutambaa yenyewe, taratibu, yakisukuma rangi mbele yao kama upepo unavyosukuma magugu maji, hadi yalipochoka yakaacha duara jeupe lenye ukingo wa kujikunja, kama ramani ya kisiwa cha Ukara. Nikapuliza. Nikapepea kwa kadi. Nikasema majina ya Mungu niyajuayo. Mnaofanya kazi kwenye makumbusho najua mmeshika vichwa, nami nilishika changu.

Kisha nikachukua simu nikaikuza ile picha niliyoipiga asubuhi. Doa lilikuwa na chombo ndani yake. Mwili mrefu umelala karibu na maji, kibanda kidogo nyuma, na juu ya kibanda mkwaruzo mwembamba wa moshi. Mikupuo mitatu ya brashi. Tishali, chombo bapa cha kubebea mizigo. Nilikuwa nimelifuta tishali.

Kijana wangu, ambaye ana majibu ya haraka kwa kila jambo, akasema tuipeleke kwa jamaa wa mabango, waitengeneze kwenye kompyuta na kuichapa kwenye kanvasi, mzee hatajua. Nilikataa, lakini msinisifu. Nilikataa kwa sababu mzee angegundua kanvasi hata gizani.

Nilichofanya ni kibaya kuliko hicho, kwa sababu nilikifanya kwa ustadi. Kila picha nzuri ndani ya fremu huzungukwa na kadi nene iliyokatwa dirisha katikati. Kadi hiyo inaitenga karatasi na kioo, na pia, hii ndiyo siri ya ufundi wetu, inaficha. Inaficha ukingo uliochanika, kidole cha mpiga picha, shemeji aliyeingia kwenye picha ya harusi bila kualikwa. Nikapima upya. Upande wa chini nikaongeza vidole viwili, na ili isionekane nikaongeza vidole viwili pande zote. Nikaikata kadi kwa mshazari, pembe zote nne zikakutana bila hata unywele kupita. Naapa sijawahi kukata kadi nzuri kama ile. Ukara ikazama chini yake, na kanisa likabaki limejikusanya katikati, zuri, limetulia, mto umekuwa utepe mwembamba. Kijana wangu akasema imependeza kuliko mwanzo. Kwa macho ya duka alikuwa sahihi.

Jumamosi mzee akaja amevaa shati lililopigwa pasi. Akaweka miwani. Akaisimamisha picha mbali, akasogea, akaipisha mwanga. Akatabasamu. "Sasa naona hata misumari ya daraja," akasema, akacheka mwenyewe. Nikaanza kutafuta risiti. Kisha akainama karibu, upande wa kushoto chini, akakaa hivyo muda ambao niliweza kusikia mafuta ya sato yakichemka kwa jirani.

"Mwanangu. Tishali langu liko wapi?"

Nilikuwa na majibu mawili tayari, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi usiku. Hakuna lililotoka. Nikamwambia yote: daftari, pamba, simu, kadi. Nilipofika kwenye kadi sauti ilinikauka, kwa sababu pamba ilikuwa ujinga, lakini kadi sikuwa na jina jingine la kuipa.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akanieleza kile ambacho Alhamisi hakukieleza. Miezi ya kwanza kule alitaka kurudi. Baridi, lugha, chakula. Kitu kilichomweka ni matishali ya makaa yaliyokuwa yakipita chini ya dirisha, na yeye akilala aliweza kujua kwa mlio kama injini ni nzima au inakohoa. Asubuhi alikuwa anayahesabu. Mama mwenye nyumba alimwona akihesabu. Picha ilipokwisha, haikuwa na chombo chochote, kanisa na maji tu. Na siku ya kuondoka, kijana akiwa amesimama na sanduku mlangoni, yule mama alichukua brashi akaweka tishali moja. Akasema kwa Kijerumani kitu ambacho mzee alikitafsiri hivi: huwezi kumpa baharia mto mtupu.

Akatoa shilingi 35,000 akaziweka mezani. Nikazirudisha. Akazisukuma tena.

"Kazi ya fremu umefanya," akasema. "Ya tishali tutazungumza."

Akafunga picha yake kwenye ile kanga, akaondoka.

Wiki ile sikuuza vizuri, na nilipouza sikukumbuka bei. Nikanunua kisanduku cha rangi za maji, vidonge kumi na viwili na brashi mbili, kwa 28,000. Sikutaka kuwa mchoraji. Nilitaka kujua ni kitu gani kile ambacho kimekaa miaka karibu hamsini ukutani kisha kinaondoka kwa pamba iliyokamuliwa.

Ni gundi. Rangi za maji ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mti, na mti wenyewe ni ndugu wa migunga yetu. Sudan ndiyo inayouza gundi hiyo kuliko nchi yoyote, lakini mtu wa Kwimba kama mimi hahitaji kwenda Sudan. Kaka zangu walikuwa wakirudi na ng'ombe jioni wakiwa na vidonge vyake mfukoni, rangi ya asali, tukitafuna. Tulijua kwa ulimi: haijalishi imekauka kiasi gani, ikionja mate inalainika. Rangi ya mafuta ikikauka imekauka. Hii ukiilowanisha baada ya nusu karne inaamka kana kwamba imelazwa jana.

Karatasi nayo, ile nzuri ya kazi hiyo, hutengenezwa kwa pamba. Nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu dukani. Utoto wangu wote nimeinamia pamba mashambani, nikaja mjini nikaiharibu pamba kwa pamba.

Na hapo nikaelewa kwa nini tishali lilitoka na kanisa likabaki. Kijivu kile cha anga hupakwa karatasi ikiwa imelowa. Rangi inazama ndani ya nyuzi, na chembe za bluu zinajikalisha kwenye vishimo vya karatasi, ukiangalia kwa karibu unaziona kama dagaa walioanikwa. Ukitaka kuutoa ukungu wa namna hiyo utatoa karatasi nzima. Lakini tishali liliwekwa mwisho, juu ya picha iliyokwisha kauka, kwa rangi nzito na brashi karibu kavu. Lilikaa juu juu. Lilikuwa na haraka, mtu yuko mlangoni na sanduku.

Kingine nilichojifunza ni kwamba kwenye kisanduku changu hakuna nyeupe. Nilidhani nimeibiwa, nikarudi kulalamika, muuzaji akanicheka. Nyeupe ni karatasi. Ule mpasuko wa mwanga ubavuni mwa mnara, ambao niliuona kutoka mlangoni, haukupakwa na mtu. Yule mama aliupita tu kwa brashi, upande huu na upande huu, akauacha. Nimejaribu kuuacha mwanga wa namna hiyo mara nyingi sasa. Mkono hautaki. Mkono wa fundi ukiona nafasi tupu unataka kuijaza.

Mzee alirudi baada ya wiki mbili na picha kwapani. Nikadhani amekuja kuidai.

"Kadi hii," akasema, "itoe. Kata ya zamani."

"Baba, doa litaonekana."

"Nimekwambia ulifiche?"

Nikakata kadi ya vipimo vya zamani, hii sikumtoza. Ukara ikarudi, nyeupe, chini kushoto, na ukiwa mbali unaweza kudhani ni kipande cha ukungu kilichoshuka majini. Ukiwa karibu huwezi. Mzee akaiangalia, akaridhika au hakuridhika, sikujua, akaondoka nayo. Nilijitolea kumrudishia tishali kwa kufuata ile picha ya simu, akakataa kabla sijamaliza sentensi. Yule aliyeliweka alishakufa, akasema, na wewe hujui matishali.

Tangu hapo akipita barabarani kwenda Butimba kwa binti yake husimama nje ya kibanda na kuuliza kwa sauti ambayo mtaa mzima unasikia, "Limefika?" Nami namjibu, "Bado liko njiani, baba." Mama wa sato anadhani nina mzigo bandarini.

Ukweli ni kwamba ninachora. Usiku, nikishafunga, au umeme ukikatika na wateja wakasusa. Sichori juu ya picha yake, Mungu apishe mbali; karatasi zangu mwenyewe, nikitazama simu. Karatasi ya kwanza kanisa lilitoka kama jengo la stendi. Ya nne minara ilikubali kupotea angani, lakini kwa bahati, kwa kuwa nilikuwa nimemwaga maji. Mvua zikiwa nyingi karatasi haikauki na rangi inakimbia hadi asubuhi; kiangazi inakauka kabla brashi haijageuka. Ya tisa niliipenda. Kijana wangu aliiwekea fremu bila ruhusa na kuitundika karibu na Moyo Mtakatifu, na mwanamke mmoja wa Igogo akaulizia bei. Sikuiuza, nilitaka kumwonyesha mtu.

Wiki iliyopita mzee alipita na nikamkaribisha ndani. Nilikuwa kwenye ya kumi na moja, karatasi bado mbichi mezani. Aliitazama ya ukutani kidogo tu, kwa adabu. Kisha akaja kwenye ile ya mezani, akainama, akaenda moja kwa moja chini kushoto. Minara mita 157, miaka 632, hakuigusa hata kwa jicho.

"Hili ni nini?"

"Tishali, baba."

"Hili ni mtumbwi wa dagaa." Akavaa miwani. "Limebeba nini?"

"Makaa."

"Sasa tishali lenye makaa linakaa juu ya maji kama bata? Likijaa linazama, mwanangu. Maji yanafika hapa." Akavuta ukucha wa kidole gumba kwenye karatasi yangu mbichi, mstari mmoja, akiukandamiza. Mstari ukajaa rangi, ukawa mweusi.